Mapambo ya mbegu, makombe na mawe ya kuokota: mwongozo kamili, kuanzia kuokota mpaka kuvaa

Naandika hii kwa sababu naona kosa ni lilelile kila siku. Mtu anaanza na moto kweli, anaokota mbegu nzuri, anazitoboa siku hiyohiyo, jioni mkufu uko shingoni, halafu mwezi haujaisha una ukungu, au unadondosha unga unga kwenye nguo, au umekatika mbele za watu na shanga zimetawanyika chini ya viti. Na karibu kila mtu analaumu uzi. Uzi una makosa yake na tutafika huko, ila mara nyingi kazi ilishaharibika kabla hajashika drili.

Hapa tunatengeneza vitu vitatu: mkufu wa mbegu, kombe la baharini la kuning'iniza, na jiwe lililofungwa kwa waya bila kutobolewa. Ukishaweza hivi, bangili na hereni ni kubadilisha urefu tu.

## Vitu vya kuwa navyo

Usianze bila hivi, maana ukikwama katikati utaanza kubahatisha na hapo ndo mbegu zinapasuka.

- Drili ndogo ya mkono (ile ya kuzungusha kwa vidole) au drili ya chaji yenye kasi ya kupunguza
- Biti (vyuma vya kutobolea vinavyochomekwa kwenye drili) za mm 1, mm 1.5 na mm 2
- Vipande viwili vya mbao chakavu na klempu au jiliwa
- Sindano nene au msumari wenye ncha kali
- Msasa namba 120, 240, 400 na 600
- Mswaki wa zamani, sabuni, beseni
- Uzi wa pamba uliopakwa nta au wa nailoni, unene wa mm 1
- Waya wa shaba, unene wa mm 0.8
- Plaizi ya mdomo mwembamba wa duara, na ya kukatia waya
- Nta ya nyuki kidogo na kitambaa laini
- Miwani ya kukinga macho na barakoa
- Mzani mdogo wa jikoni, na daftari au simu ya kuandikia uzito

Mzani watu wanauruka. Usiuruke, utaona kazi yake.

Kama huna drili kabisa bado unaweza. Mianzi na matete yana tundu tayari, unakata vipande vya sm 1 kwa msumeno wa meno madogo, unapiga msasa pembeni, basi hiyo ni shanga. Kuna na zile mbegu ngumu za kijivu zinazong'aa za nyasi iitwayo Coix lacryma-jobi, ukivuta kikonyo katikati inabaki na tundu lake safi kabisa. Kwa mtu wa mara ya kwanza mimi ningesema aanze na hizo, aachane na ushujaa.

## Vitu vya kutookota

Mbegu nyekundu zenye doa jeusi (Abrus precatorius). Ni nzuri mno na ndo shida yake. Ndani zina sumu inaitwa abrin, kali sana. Ikiwa nzima ganda linaizuia, lakini wewe unataka kuitoboa, maana yake unalivunja ganda na unatengeneza vumbi la sumu mbele ya pua yako. Acha kabisa.

Mbegu za mbarika, zile zenye madoadoa kama zimechorwa. Zina ricin. Jibu ni lilelile.

Mbegu yoyote usiyoijua usiitoboe, na usimpe mtoto mkufu wake, mtoto anaweka kila kitu mdomoni. Kwa mtoto chini ya miaka 3 hata mbegu salama ni hatari kwa sababu inaweza kumkaba koo.

Kombe lenye mnyama ndani. Lirudishe majini. Na kabla hujabeba matumbawe, gamba la kasa, pembe au kitu chochote cha aina hiyo, jua kwamba vingi vinalindwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa 1973 kuhusu biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Kasa wote wa baharini wamo na pembe za ndovu pia, na kisingizio cha "niliokota tu" hakikusaidii ukiwa unavuka mpaka. Hifadhi nyingi haziruhusu kutoa hata kokoto.

## Hatua ya 1: Okota mara mbili ya unazohitaji

Hesabu ni rahisi. Mkufu wa sm 45 wenye mbegu za mm 10 unahitaji mbegu 45. Za mm 8 unahitaji kama 56. Sasa okota mara mbili ya hapo. Nyingine zimeliwa na wadudu, nyingine zitapasuka kwenye drili, nyingine ukizipanga utaona hazifanani na wenzake.

Okota zilizoanguka zenyewe au zilizokomaa kwenye ganda lake. Mbegu changa ina maji mengi, ikikauka inajikunja kama uso wa mzee.

Geuza kila moja uitazame. Ukiona kitundu kidogo cha duara, kuna mdudu alishatoka humo au bado yuko. Tupa. Halafu zimwage kwenye maji, zinazoelea mara nyingi ziko tupu ndani. Sio sheria ya mbegu zote, kuna ambazo kuelea ndo asili yake, kwa hiyo kama zote zinaelea pasua mbili uangalie.

Ukifanikiwa: una rundo la mbegu nzito, ngumu, ambazo ukucha hauingii.

## Hatua ya 2: Kukausha, na hapa ndo kwenye mchezo wote

Nikwambie ukweli, mkufu wangu wa kwanza niliuweka kwenye boksi vizuri kabisa nikijua ni zawadi ya mtu. Nilipofungua, chini kulikuwa na unga wa kahawia na kijidudu kimoja kinatembea taratibu kama kimelipa kodi. Mbegu kumi na kitu zilikuwa na matundu ambayo sikuyatoboa mimi.

Kwa hiyo tunafanya mambo mawili tofauti, kukausha na kuua wadudu, na moja halifanyi kazi ya lingine.

Kukausha. Tandaza mbegu kwenye chekecheo au wavu, safu moja tu, kivulini penye hewa. Usiweke juani. Najua jua linakuvutia, ila jua linakausha ganda haraka wakati ndani bado pana maji, ganda linabana, ndani pamekataa, mbegu inachanika. Zigeuze kila siku.

Muda gani? Watu wanataka namba, na namba inategemea mbegu na hali ya hewa, inaweza kuwa wiki mbili au hata sita. Ndo maana nikasema mzani. Pima rundo lote, andika. Baada ya siku 3 pima tena. Uzito ukishuka, bado maji yanatoka. Uzito ukirudia uleule mara mbili mfululizo, zimekauka. Hakuna kubahatisha wala kung'ata.

Kuua wadudu. Baada ya kukauka (sio kabla, mbegu yenye maji ikiganda inapasuka) ziweke kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, funga, weka kwenye friza yenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukitoa, usifungue mfuko! Uache umefungwa mpaka mbegu zirudi kwenye joto la kawaida, la sivyo unyevu wa hewani utaganda juu ya mbegu baridi na utakuwa umezilowesha upya baada ya kazi yote hiyo.

Huna friza, tumia oveni nyuzi 60 kwa saa moja hivi. Baadhi zitapasuka, kubali, ndo sababu uliokota mara mbili.

Ukifanikiwa: ukizitikisa kwenye kopo zinalia kama kokoto, na ukizifungia kwenye chupa ya kioo usiku kucha asubuhi kioo hakina ukungu wa maji.

## Hatua ya 3: Makombe yanataka maji, sio asidi

Loweka kwenye maji ya sabuni usiku mmoja, sugua na mswaki, suuza, anika. Likinuka rudia na maji mapya, harufu ni mabaki ya mnyama yaliyojificha kwenye mikunjo, yatoe na kijiti.

Kuna ushauri unazunguka kwamba uloweke kwenye siki ili ling'ae. Usifanye hivyo. Kombe ni kalsiamu kaboneti, siki ni asidi, yale mapovu unayoyaona na kufurahi ni kombe lako linayeyuka. Ukilisahau saa chache uso unakuwa kama chaki na mng'aro haurudi. Kuchemsha nako kunaweza kuleta nyufa kwenye makombe yanayong'aa kama kauri.

Onyo kubwa: dawa ya kung'arisha nguo (ile ya klorini) na siki visikutane kwenye beseni moja, hata kwa bahati mbaya. Vinatoa gesi ya klorini, na hiyo inachoma mapafu.

## Hatua ya 4: Kutoboa

Vaa miwani na barakoa kwanza. Vumbi la kombe linakwaruza mapafu na kipande cha mbegu kinaruka kwa kasi ambayo jicho haliwahi kufumba.

### Mbegu

Usiishike kwa vidole. Nina kovu kwenye kidole gumba la kukukumbusha hilo. Chimba kishimo kidogo kwenye kila kipande cha mbao, mbegu ikae katikati kama punje kwenye ganda, kisha bana mbao zote mbili na klempu. Bana kiasi cha isizunguke tu, ukizidisha unaipasua mwenyewe.

1. Weka alama kwa ncha ya msumari, kakishimo kadogo tu. Bila hako biti inateleza pembeni na kuchora mbegu.
2. Anza na biti ya mm 1, kasi ndogo, mkono mwepesi. Acha biti ichimbe yenyewe, wewe kazi yako ni kuielekeza.
3. Kila baada ya sekunde chache itoe nje, pangusa unga, rudi. Unga ukijaa biti inapata moto. Ukisikia harufu ya kuungua umechelewa kidogo, pumzika.
4. Fika katikati, geuza mbegu, anzia upande wa pili mkutane. Ukitoboa moja kwa moja mpaka ng'ambo, biti inapotokea inamega kipande na huo upande utakuwa na kovu.
5. Panua na biti ya mm 1.5 au 2. Tundu lazima lizidi unene wa uzi, uzi wa mm 1 unataka angalau mm 1.5.

Mbegu laini ambazo bado mbichi unaweza kuzidunga kwa sindano kabla hazijakauka, lakini acha kijiti ndani ya tundu kwa muda wote wa kukausha, mbegu ikijikunja tundu linabana na utalazimika kutoboa tena.

Ukifanikiwa: inua mbegu kwenye mwanga, unaona upande wa pili. Ikiwa unaona kona badala ya mwanga, matundu mawili hayakukutana vizuri, pitisha biti nyembamba taratibu kunyoosha.

### Kombe

Kombe bapa lenye pande mbili (la aina ya chaza) lina nundu pale kwenye bawaba. Weka msasa namba 120 mezani, mwagia maji, sugua ile nundu kwa mzunguko. Ndani ya dakika kadhaa nundu inalika na tundu linatokea lenyewe, duara, bila drili wala presha. Ni njia ninayoipenda kuliko zote na watu hawaiamini mpaka waifanye.

Ukitaka tundu sehemu nyingine, tumia drili ya mkono, kombe likiwa kwenye trei yenye maji kidogo yanayolifunika. Maji yanapoza na yanakamata vumbi. Drili ya kuchomeka ukutani na maji visikae meza moja, umeme hauna msamaha.

### Jiwe

Usitoboe. Sio kwamba haiwezekani. Kwa kipimo cha ugumu cha Mohs (1 ni laini kabisa, 10 ni almasi) kombe liko kama 3 mpaka 4, chuma cha kawaida kama 5 au 6, na kwatzi, madini magumu ambayo yamo kwenye kokoto nyingi za mtoni, ni 7. Biti yako ya chuma ndiyo itakayolika. Inahitaji biti ya almasi, maji, muda na biti ya akiba. Tutalifunga kwa waya.

## Hatua ya 5: Msasa na mng'aro

Fupi hii. Namba 240, kisha 400, kisha 600. Usiruke namba, mikwaruzo ya msasa mkali haifutiki na msasa laini sana. Mbegu zenye mng'aro wake wa asili usiziguse kabisa, pitisha msasa kwenye midomo ya tundu tu ili isikate uzi.

Paka nta ya nyuki kidogo sana, sugua kwa kitambaa mpaka kitambaa kisinate. Mafuta ya kupikia hapana. Siku ya kwanza yanapendeza, baada ya muda yanachacha, yananuka, yananata na kukusanya vumbi. Rangi ya kucha isiyo na rangi inafaa, ila kwa mbegu iliyokauka kabisa, vinginevyo umefungia unyevu ndani na umeukaribisha ukungu ukae raha mustarehe.

## Hatua ya 6: Jiwe kwenye waya

Chagua jiwe lenye kiuno au kona. Jiwe lililo laini kama yai litatoroka tu hata ufunge vipi. Kwa jiwe la sm 3 kata waya sm 40.

Weka katikati ya waya chini ya jiwe, pandisha ncha zote mbili, zikutanishe mbele, zipitanishe kama unafunga mzigo, zirudishe nyuma, zipitanishe tena kwenye kiuno, kisha zipeleke juu. Hapo zisokote pamoja mara tatu. Ncha moja izungushe kwenye plaizi ya duara upate kitanzi, ncha nyingine iviringe chini ya kitanzi mara tatu, kata, halafu bonyeza ncha ndani isikwaruze shingo.

Mwisho ubane kwa kuupinda kidogo waya wa mbele na plaizi, kama herufi Z ndogo. Waya unafupika na kulikaba jiwe. Tikisa karibu na sikio, likilia ongeza pindo lingine.

Kama unatengeneza hereni, ile sehemu inayoingia sikioni isiwe waya wowote tu. Nikeli inawasha masikio ya watu wengi, tumia fedha au titani.

## Hatua ya 7: Kutunga

Panga kwanza mezani juu ya taulo, taulo linazuia kubingirika. Kubwa katikati, ndogo kuelekea nyuma ya shingo, kwa sababu nyuma ndo panapobanwa na kola. Iache usiku mmoja. Asubuhi utaona mbili tatu ambazo hazipo mahali pake.

Kata uzi mita 1. Ukitaka kufunga fundo katikati ya kila mbegu kata mita 2, mafundo yanakula uzi balaa. Mimi nashauri mafundo, siku uzi ukikatika unapoteza mbegu moja badala ya kupiga magoti kuokota 45, na pia mbegu hazisuguani.

Kusogeza fundo likae karibu na mbegu: legeza fundo, ingiza sindano ndani yake, lisukume na sindano mpaka liguse mbegu, vuta uzi, chomoa sindano ukimalizia kukaza. Fundo liwe kubwa kuliko tundu. Likizama ndani, rudia kulifunga mara mbili.

## Hatua ya 8: Fundo la kuteleza

Hapa ndo mikufu mingi inafia. Watu wanafunga fundo lao la kamba za viatu, nailoni inateleza, siku mbili limefunguka.

Una ncha mbili tupu za uzi, A na B. Zilaze sambamba zikipitana sm 15, A inaelekea kulia, B inaelekea kushoto.

1. Ncha ya A ikunje irudi kushoto, kule ilikotokea.
2. Izungushe kuzunguka uzi B pamoja na uzi wake wenyewe, mara tatu, mizunguko ikienda kushoto.
3. Ingiza ncha ndani ya mizunguko hiyo mitatu, kama unaipitisha kwenye bomba, itokee kulia.
4. Lowesha kidogo, vuta taratibu mpaka mizunguko ikae bega kwa bega.
5. Rudia kwa ncha B juu ya uzi A, ila kila kitu kinyume.

Ukiyatenganisha mafundo mkufu unafupika, ukiyakutanisha unarefuka. Mafundo yakigusana mzingo wote uwe angalau sm 62 ili upite kichwani bila kuacha nywele.

Ukifanikiwa: mafundo yanasogea kwa kuyasukuma na vidole na hayasogei kwa uzito wa mkufu wenyewe. Yakiteleza ovyo, fungua uongeze mzunguko wa nne.

## Hatua ya 9: Ujaribu mkufu kabla hujauamini

Mabaki ya uzi usiyakate bado. Ning'iniza mkufu kwenye msumari, funga chupa ya maji ya nusu lita chini yake, uache usiku. Asubuhi angalia mafundo yamesogea kiasi gani. Kisha vaa siku tatu nyumbani, lala nao hapana, oga nao hapana.

Siku ya nne, kama mafundo yako palepale na hakuna mbegu yenye ufa mpya, tia tone dogo la gundi kwenye kila ncha pale inapotokea kwenye mizunguko, sio kwenye uzi unaopita katikati yake maana fundo litagandia hapo moja kwa moja. Subiri ikauke, ndo ukate mabaki, ukiacha mm 3.